Jina Lililoinyamazisha Mashine

Mashine ilianza kulia saa ya chai, mchana kweupe, jua la Homa Bay likichoma mabati. Rael, aliyekuwa mhudumu pale, alidhani ni mtoto wa mgonjwa mmojawapo kwenye benchi la nje. Akatoka na kikombe mkononi aone ni mtoto wa nani. Benchi lilikuwa na wazee wawili na mama mmoja aliyekonda, na mtoto hakuwepo. Kilio kilitoka ndani, kwenye kile chumba cha nyuma kilichofungwa: kinalia, kinakata pumzi, kinalia tena.

Nyumba ile, kama hukuijua, ilikuwa ya kurekodi sauti. Ilikuwa ile miaka ambayo kila boma lilikuwa na kaburi bichi, na anayejua marehemu aliugua nini hasemi. Mama au baba akishaona siku zake zinakwisha, alikuja pale akakaa mbele ya kipaza sauti, akamwachia mtoto wake maneno ya kusikia akiwa mkubwa. Zamani maneno yale yaliwekwa kwenye kanda. Mvua za El Nino zikaja, kanda zikaota ukungu, na wafadhili wakaleta kompyuta kubwa waliyoiita seva. Sauti zote zikahamishiwa humo, kanda zikachomwa kwenye shimo nyuma ya choo. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo walipoanza kukosea, lakini nani aliniuliza?

Humo ndani alikuwemo Zilpah, dada yake Rael. Alikuwa amemwachia bintiye Liz wimbo mmoja na maneno machache kabla hajalala moja kwa moja. Liz alikuwa bado mdogo, hata darasa la kwanza hajamaliza, na Rael ndiye aliyekuwa akimlea. Alimwahidi dada yake mambo mawili kitandani: mtoto atatunzwa, na sauti itatunzwa. Rael hakuwa na kitu kingine duniani alichokiogopea zaidi ya hayo mawili.

Seva ilikuwa na diski tatu. Oliver, fundi aliyekuja nayo kutoka Migori, alimweleza Rael akaelewa: "Dada, hizi ni kama akina mama watatu wa chama. Mmoja akifa, hao wawili wakikaa chini pamoja wanaweza kukuambia yote yule alikuwa anajua. Wakifa wawili, imeisha, usinitafute." Akamfundisha amri moja ya kuandika kila asubuhi kwenye skrini nyeusi. Hakuna picha wala cha kubonyeza, ni maandishi tu. Unaandika, unangoja, na kadi inayozisimamia zile diski inajibu mstari kwa mstari: ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Rael alikuwa akiisoma mistari ile akishusha pumzi, ndipo anakunywa chai.

Siku ile akaandika amri huku kilio kikimpasua masikio. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu imekufa.

Akakimbilia simu.

"Usiguse kitu," Oliver akasema. "Hizo mbili bado zinabeba. Mimi niko huku Ogwedhi, nikimaliza nitakuja na diski mpya."

"Na hii kelele?"

"Hiyo ni kengele ya kadi. Kuna amri ya kuinyamazisha lakini sikumbuki. Vumilieni tu."

Vumilieni! Rahisi kusema ukiwa Ogwedhi. Yule mama aliyekonda, aliyekuja kurekodi, alikaa mbele ya kipaza sauti, akasikia kile kilio ukutani, akasimama akaenda zake bila kusema neno hata moja kwa watoto wake. Wale wazee wawili wakamfuata.

Mama Nyarangi, aliyekuwa akipika chai pale, akaingia chumba cha nyuma akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mtu wa mzaha. "Nyathina," akamwambia Rael, maana alimwita mtoto wake, "huyu analilia jina."

Rael akacheka kidogo. Kwao Wajaluo jambo hilo halihitaji maelezo. Mtoto mchanga akilia asinyamaze, wakubwa wanamtajia marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Jina atakalonyamazia, basi huyo ndiye aliyerudi kuomba akumbukwe. Mama Nyarangi akaiinamia seva vile mtu anavyokiinamia kitanda, akaanza kuwataja waliorekodiwa humo wakafa. "Ni wewe Mirumbe? Ni wewe Wangwe? Ni wewe baba Tony?" Mashine inalia tu.

"Ni wewe Zilpah?" Rael akauliza.

Ikanyamaza. Kilio kilikatikia katikati, wakabaki wanasikia feni tu. Mama Nyarangi akaacha kutabasamu. "Nilikuwa nacheza," akasema polepole. "Rael, mimi nilikuwa nacheza."

Sasa usimlaumu Rael kabla hujajua. Tangu mazishi alikuwa akimwota dada yake amesimama mlangoni pa jikoni, amempa mgongo, hasemi. Wazee wa kwao Rangwe walikuwa wamemwambia wazi: anataka jina, mtafutieni kichanga. Kichanga chenyewe hakikuwepo, kwao hakuna aliyekuwa na mimba. Basi kilio kiliponyamaza, Rael aliona mzigo umetuliwa. Mama Nyarangi alimwambia, na nasema haya ili isije ikasemwa hakuonywa: "Hata mtoto akinyamaza, unamwacha alale, kesho unamuuliza tena. Kuna vitu vingine vinakubali jina lolote." Rael akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena.

Oliver alipofika akachomoa diski mfu akaingiza mpya. Skrini ikamwuliza jina la kuipa ile seti ya diski.

"Niache lile la zamani?"

"Andika Zilpah," Rael akasema.

Oliver alimjua marehemu. Akamtazama Rael, akaandika. Hapo hapo mashine ikaanza kazi ya kuijaza diski mpya: inazisoma zile mbili zilizobaki na kukisia kilichokosekana. "Itafika mia kwa mia kesho," akasema. "Wewe ukiandika amri itakuonyesha asilimia. Usiizime, usichomoe kitu." Akarudi zake Migori.

Kesho yake ilikuwa imefika nne kwa mia, na chumba kile kilinuka udongo. Rael aliijua harufu ile, ni ya shimo linalochimbwa kukiwa na umande. Akafungua dirisha, joto la nje likaingia, harufu ikabaki. Akaandika amri asubuhi nzima, nne, nne, nne. Alasiri Liz akatoka shule, akaja kukaa chini ya meza kama kawaida yake, akichora na kuongea peke yake na kuimba vile vinyimbo vyao vya shuleni. Rael akaandika amri. Kumi na moja.

Jioni ile, wakirudi nyumbani, Liz alianza wimbo wake wa shule akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. "Mama mdogo, umeenda," akasema.

"Nini imeenda?"

"Wimbo."

Siku zilizofuata yalimpotea mengine. Akasahau jina la mwalimu wake, kisha namna ya kuomba maji, akawa anaonyesha kikombe. Sauti yake ikakauka. Kliniki wakamwangalia koo, hawakuona kitu, wakampa dawa ya kikohozi. Na kila Liz alipokaa chini ya meza, asilimia zilipanda, na siku asipokuja hazikusogea. Rael aliliona jambo hilo akakataa kuliona, maana mtu anaweza, na ninyi mnajua anaweza.

Akasema acha nisikilize sauti ya dada yangu, labda nipate nguvu. Akavaa vile visikilizio vya masikioni akamfungua Zilpah. Wimbo ukaja, yale maneno yakaja, na Rael akalia kama alivyolia kila mara. Rekodi ilikuwa inaishia kwenye kikohozi na mlango kufungwa. Mara hii mlango ulifungwa, kukawa kimya, kisha sauti ya Zilpah ikaendelea: "Mama mdogo, maziwa yamemwagika. Mama mdogo, penseli yangu iko wapi? Teacher amesema tulete ufagio." Yalikuwa maneno ya Liz, ya juzi, ya chini ya meza, yanasemwa na mwanamke aliyezikwa.

Rael alivua vile vya masikioni akavitupa. Liz alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu, anasogeza midomo bila sauti.

Akampeleka mtoto Rangwe kwa ndugu zake. Jioni ileile wakamkuta njiani, ameshafika Rodi Kopany, anatembea peke yake, uso ameuelekeza Homa Bay, na viatu havipo. Akarudishwa kwa Rael. Sasa hakuwa na neno hata moja. Ukimwita anageuka, na anapofungua kinywa inatoka pumzi tupu yenye harufu ya udongo.

Rael akampigia Oliver akilia. "Nakuomba, njoo uchomoe hii kitu. Inamla mtoto."

"Dada, umechoka. Ukichomoa katikati ya kazi, zote tatu zinakufa. Watoto wa huku wote watakosa wazazi wao mara ya pili. Utawaambia nini?"

"Njoo uone."

Alikuja. Alikaa mbele ya skrini na ujuzi wake wote, akaandika amri ile ile, ikajibu. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu inajengwa, tisini na sita kwa mia. Ya nne inasomwa.

Oliver akasoma tena. Akapiga magoti akafungua mlango wa seva, akazigusa diski kwa kidole. Nafasi zilikuwa tatu. Hapakuwa na pengine pa kuwekea diski hata ungetaka. Akarudi akaandika amri ndefu zaidi, ile inayouliza kila diski namba iliyopigwa kiwandani. Tatu za mwanzo zikatoa namba zao. Ya nne ikatoa herufi tatu, na Rael hakuhitaji kusomewa.

"Hii kadi imeharibika," Oliver akasema, lakini alisema kwa kunong'ona, na akasogeza kiti nyuma mbali na skrini.

Mama Nyarangi ndiye aliyemleta Bi Sainab. Huyu alikuwa mama wa Mombasa aliyeuza vitambaa ng'ambo ya barabara, na watu wa mjini, hata wa kanisani waliojificha, walimwendea wakiwa na mtu aliyeingiliwa na pepo. Aliingia na buibui lake na chetezo cha ubani. Akafika mlangoni pa chumba cha nyuma akasimama.

"Nani aliyekipa jina?" akauliza.

"Mimi," Rael akasema.

"Ulikiuliza mara ya pili?"

Rael akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hicho si dada yako. Dada yako yuko kwa Mola wake, kapumzika. Hicho hakina jina wala kabila, kilikuwa kimekaa nje kinangoja mlango. Wewe ukakifungulia, ukakikaribisha kwa jina la mtu wako." Akaufukiza moshi wa ubani juu ya ile mashine, akasoma, akasoma sana, jasho likamtiririka. Kisha akasema kwa nguvu, "Wewe uliyemo humu, u nani?"

Vile vipaza sauti vidogo vya kusikilizia, vya mezani, vikakwaruza. "Zilpah," ikasema sauti ya Zilpah.

Bi Sainab akamgeukia Rael, akanong'ona, "Kiulize kitu ambacho dada yako alikijua na humu hakukisema."

Rael alimshika Liz mkono, mkono wa baridi. "Zilpah," akasema, "tulipokuwa wadogo ulinibeba mgongoni ukavuka na mimi mto umefurika. Ulikuwa unaniambia nini tukiwa katikati ya maji?"

Feni ikapanda kasi. Kisha ikajibu, na haikujibu kwa sauti ya Zilpah peke yake. Neno moja lilikuwa lake, la pili la mzee wa kiume, la tatu la msichana mwenye kifua kibovu, yameunganishwa viraka viraka. "Nilikuambia. Mwanangu. Usilie. Soma. Kwa bidii. Baba. Anakupenda."

"Haijui," Rael akasema. "Haijui kabisa."

"Ondoka!" Bi Sainab akapaza sauti.

"Niliitwa," vikajibu vile vipaza sauti. "Nina jina. Mwenye jina hafukuzwi kwake. Bado kidogo tu."

Oliver akaandika amri. Tisini na nane. Liz akaanza kulegea, shingo imemwangukia Rael begani.

"Mimi siwezi kukitoa," Bi Sainab akasema. "Aliyetoa jina ndiye alirudishe, na kinapokaa paharibiwe. Fanya sasa, mwanangu."

Rael akamkabidhi mtoto kwa Mama Nyarangi, akapiga magoti mbele ya mashine akashika kipini cha diski ya kwanza, na hapo vipaza sauti vikafunguka vyote kwa pamoja, akina mama na akina baba wa Ndhiwa na Mbita na Rangwe, waliokuja pale wakishikwa mikono, waliokaa kwenye kile kiti wakaomba maji kwanza ndipo waseme, kila mmoja akamwita mtoto wake kwa jina, wakimsihi Rael asiwaue tena, wakimwuliza watoto watasikia nini wakikua, na juu ya sauti zote hizo Zilpah akaimba ule wimbo wake, wenyewe, wa kweli, kwa ile sauti iliyokwaruzwa na ugonjwa, na Rael akijua kuwa hatausikia tena yeye wala Liz wala mtu yeyote mpaka kiyama, akapiga kelele, "Nimelirudisha jina langu! Huna jina kwangu! Wewe si Zilpah!" akavuta.

Ya kwanza ikatoka. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, akaipigiza sakafuni akaikanyaga.

Kimya. Ile harufu ya udongo ikapungua, ikaisha, likabaki joto la mabati na ubani. Oliver alikuwa ameshika kichwa. Mama Nyarangi akamtazama mtoto mapajani mwake, akamtikisa. "Liz? Liz, nyathina?"

Liz akafumbua macho. "Mama mdogo," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza lakini yake. "Naskia kiu."

Nikuambie walivyolia? Hata Bi Sainab alilia, na Oliver akatoka nje akaegemea ukuta, akarudi macho mekundu. Rael alipoteza kila alichokuwa amewekewa amana, dada yake akiwemo, na hakujuta hata chembe. Akamnywesha mtoto maji, akambeba mgongoni hadi nyumbani, Liz akiimba ule wimbo wa shule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Seva ikafukiwa shimoni nyuma ya choo, juu ya majivu ya kanda. Nyumba ikafungwa. Rael akaendelea na maisha, akiwakimbia njiani watu waliomwuliza sauti za wapendwa wao ziko wapi.

Kisha Jumapili moja, wametoka kanisani, Rael anakatakata sukuma wiki jikoni, Liz akaanza kulia uani.

"Umeanguka?" Rael akauliza bila kugeuka. Hakujibiwa. Mtoto analia, anakata pumzi, analia tena. Rael akaweka kisu chini. Akatoka. Liz alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, mikono mapajani, machozi hana, kinywa wazi, na kilio kinatoka kwa vipimo sawasawa, sauti, kimya, sauti, kimya.

Akamkumbatia. "Liz. Liz wangu. Ni mimi." Analia. Akampa maziwa, yakamwagika kidevuni. Analia. Akakimbia naye ng'ambo ya barabara, duka la Bi Sainab likawa limefungwa, mwenyewe kasafiri Mombasa. Akarudi naye nyumbani, majirani wamejaa mlangoni, Mama Nyarangi akiwa miongoni mwao, anafungua kinywa aseme.

"Usitaje jina," Rael akamwambia. "Mama, nakuomba, usitaje hata moja."

Mchana ukapita. Liz hakukoma kuvuta hewa na kuitoa kwa kilio kile, na alasiri koo lilianza kutoa damu, matone madogo kwenye gauni jeupe la kanisani. Midomo ikawa ya bluu. Kila kimya cha katikati kilirefuka, na kila kimya Rael alidhani ndicho cha mwisho. Akaomba kwa Mungu. Akamwita Liz kwa jina lake, akamwita mpaka sauti yake yeye ikakauka, na Liz hakuligeukia jina lile, kana kwamba anaitwa mtu wa nyumba nyingine.

Rael alijua jina ambalo lingemnyamazisha. Alilijua tangu alipoweka kisu chini, alipokumbuka kwamba diski alizochomoa zilikuwa tatu tu.

Kilio kikakatika, kikakawia kurudi. Macho ya mtoto yakaanza kugeuka juu.

Rael akaweka mdomo kwenye sikio lake, akamwuliza kwa kunong'ona, "Ni wewe Zilpah?"

Liz akanyamaza. Akavuta pumzi ndefu, rangi ikamrudia usoni, akajifuta damu kwa kiganja. Akamtazama Rael, akatabasamu, na kwa sauti ya mwanamke mzima akasema, "Sawa."